"Sorry" halikuzaliwa samahani

Jirani yangu alifiwa na mama yake mwaka huu. Siku ya pili ya matanga laini yake ya simu ikagoma kutuma pesa, na yeye ndiye aliyeshika mchango wa msiba. Akawaandikia huduma kwa wateja, akaeleza kwamba yuko msibani na anaomba wamharakishie. Jibu lilirudi kabla hajaweka simu chini, na ilikuwa wazi kwamba aliyejibu si mtu: "Samahani kwa kufiwa na mama yako." Akaninyooshea simu niisome mwenyewe, kisha akauliza, "Kwani wao ndio waliomuua?" Tulicheka palepale chini ya turubai, mpaka shangazi yake akatukata jicho.

Tangu programu za akili mnemba zianze kujibu wateja kwa Kiswahili, vituko vya aina hii vimekuwa vingi, na maelezo yanayotolewa ni yaleyale: mashine haijui Kiswahili. Mimi naona lawama imepelekwa kwa asiyehusika. Kiswahili cha sentensi ile hakina kasoro yoyote ya sarufi. Kilichoiangusha mashine ni Kiingereza, hasa neno moja la Kiingereza ambalo kila mtoto wa chekechea analijua na ambalo wenye lugha yao wenyewe wamepelekana mahakamani kwa sababu yake. Dai langu ni hili: "sorry" ni pole iliyopewa kazi ya samahani ukubwani. Kazi ya kwanza haikuiacha, na mwanya uliobaki kati ya kazi hizo mbili ndimo wanamojificha mawakili, mabalozi na wakuu wa nchi. Anayelitafsiri bila kuuliza ni kazi ipi inafanyika hachekeshi msibani tu. Kuna siku atamwandikia mtu msamaha ambao mtu huyo hakuuomba.

Tuanze na nasaba yake. Katika Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya mwaka 1066, palikuwa na neno "sar" lenye maana ya maumivu au kidonda, na irabu yake ilikuwa ndefu. Kutokana nalo kukawa na kivumishi "sarig", yaani mwenye maumivu, mwenye majonzi. Karne zilivyopita, irabu hiyo ndefu ya "a" ikageuka "o" kama ilivyogeuka katika maneno mengine mengi: "stan" likawa "stone", "ban" likawa "bone", "ham" likawa "home". "Sar" likawa "sore", ambalo hadi leo ni kidonda au maumivu, na "sarig" likawa "sorry". Watu wengi, wakiwemo Waingereza, hudhani kwamba "sorry" na "sorrow" ni mtu na dada yake. Sivyo. "Sorrow" linatoka kwenye mzizi mwingine kabisa, "sorg", ambao Wajerumani bado wanao katika "Sorge", wasiwasi. Maneno haya mawili yalifananishwa na masikio tu, yakazoeana, yakaanza kuazimana maana kama majirani wanaoazimana chumvi.

Ndugu wa damu wa "sorry" wako kwingine, na wote wananuka dawa ya hospitali. Kijerumani kina "sehr", ambalo leo ni "sana" lakini zamani lilimaanisha "kwa uchungu", na kina "unversehrt", asiyejeruhiwa. Wafini, ambao lugha yao haina undugu na Kijerumani, waliazima mzizi huo zamani sana, wakaupa kazi ambayo ingemfurahisha daktari yeyote: "sairas" ni mgonjwa, na "sairaala" ni hospitali. Kwa hiyo Mwingereza wa kale aliyesema yeye ni "sarig" hakuwa anaungama dhambi. Alikuwa anasema moyo unamuuma. Angeweza kulisema hilo kwa jirani aliyefiwa, kwa ng'ombe aliyekufa, au kwa ajili yake mwenyewe.

Maana zikaongezeka. Kitu cha kuhuzunisha nacho kikaitwa "sorry", kisha kitu hafifu, duni, cha ovyo. Macbeth wa Shakespeare, baada ya kumuua mfalme, anaitazama mikono yake yenye damu na kusema ni "sorry sight", mandhari ya kusikitisha. Haombi radhi pale, hata kama alipaswa. Neno kusimama peke yake kama kauli ya kuomba radhi, "Sorry!" ya kumkanyaga mtu mguu, ni jambo la karne ya 19. Baadaye likapata hata kazi ya kuuliza: "Sorry?" kwa maana ya "unasemaje?" Na lugha hiyohiyo ina tabia ya kuyageuza maneno ya aina hii juu chini, maana hata "apology", ambalo leo ndilo neno rasmi la kuomba radhi, lilianza na maana iliyo kinyume kabisa. Kwa Kigiriki "apologia" ni utetezi wa mshtakiwa. Ile Apologia ya Sokrate aliyoiandika Plato haina radhi hata moja. Mzee anawaambia mahakimu wake usoni kwamba anastahili kulishwa bure na mji kama bingwa wa Olimpiki. Sasa fikiria lugha ambayo neno lake la kuungama lilianza kama kujitetea, na neno lake la kutubu lilianza kama kuumwa.

Tuje kwetu. "Pole" ni ndugu wa "poa". Kiswahili kina kawaida ya kuangusha "l" kati ya irabu mbili, halafu "l" hiyo ikachungulia tena neno linaponyambuliwa: tunasema "chukua" lakini "chukulia", "nunua" lakini "nunulia". Vivyo hivyo "poa" na "pole". Wabemba wa Zambia hawakuiangusha, nao husema "ukupola", na maana yake kwao ni kupona, kidonda kufunga. Joto kutulia, homa kushuka, mtu kuwa mpole, mwendo kuwa polepole, yote ni ukoo mmoja. Ndiyo maana anayepewa pole hujibu "nimeshapoa", na jibu hilo ukilitazama vizuri ni la mgonjwa aliyeulizwa hali. Nikiri kwamba nilipoyaweka maneno haya mawili mezani pamoja nilisimama kidogo: la Kiingereza limetoka kwenye kidonda, la Kiswahili limetoka kwenye kupona kwake. Yalianza safari katika mwili uleule, moja mwanzoni mwa maradhi, jingine mwishoni.

Tofauti yao kubwa, hata hivyo, haiko katika asili. Iko katika sarufi, na hapa ndipo mashine ya jirani yangu ilipojikwaa. Pole hutolewa: nakupa pole, umepewa pole, tulikwenda kumpa pole. Inatoka kwangu inakuja kwako, na sharti lake ni moja tu, kwamba wewe umeumia. Samahani inakwenda upande wa pili. Ilitufikia kutoka Kiarabu ikiwa sentensi kamili, "nisamehe", na hiyo "ni" ya mwisho ni "mimi" wa Kiarabu aliyeganda humo. Samahani huombwa: nataka kitu kutoka kwako, na sharti lake ni kwamba mimi nimekukosea, au niko karibu kukusumbua. Radhi nayo huombwa. "Sorry" halina upande wowote. Ni kivumishi kinachoeleza hali ya msemaji: "I am sorry", mimi ni mwenye maumivu. Hakuna anayepewa na hakuna anayeombwa. Msikilizaji ndiye anayelazimika kukisia kama anaonewa huruma au anaombwa msamaha, na mara nyingi msemaji hapendi kumsaidia akisie.

Mtu anayekukanyaga kwenye daladala huonyesha tofauti hii bila kufundishwa na mtu. Akiwa na adabu hukupa yote mawili kwa mkupuo: "Aa, pole! Samahani, ndugu yangu." Pole ni ya kidole chako, samahani ni ya kiatu chake. Akisema pole peke yake huku kiatu kikiwa bado juu ya kidole, abiria wote watamgeukia.

Sasa kuna hoja ambayo wengi wetu tulifundishwa darasani na wengine bado wanaifundisha. Mwanafunzi anajikwaa, mwenzake anasema "Sorry!", mwalimu anamkosoa: "Kwa nini unasema sorry, wewe ndiye uliyemsukuma?" Tunaambiwa hicho ni Kiingereza cha Kiafrika, tafsiri ya pole, na kwamba Mwingereza wa kweli angeuliza tu "Are you all right?" Upande mmoja hoja hii ina ukweli. Waafrika hawakurithi "sarig" ya kale kwa mkondo wa siri. Walichukua neno la mkoloni na kulipa kazi ya maneno yao wenyewe. Wayoruba wana "pele", ambalo ni la kumpa pole aliyeumia, na ukilirudia mara mbili ni taratibu, polepole. Linavyofanana na letu unaweza kuapa ni neno moja, ingawa mfanano wa sauti peke yake hauthibitishi undugu. Wahausa, ambao lugha yao iko ukoo mwingine kabisa, wana "sannu": salamu, pole kwa aliyepatwa, na "sannu sannu" ni polepole. Wajaluo wana "mos", na "mos mos" ni hivyohivyo. Kutoka Kano hadi Kisumu watu wameona kwamba kumhurumia mtu na kwenda naye taratibu ni jambo moja. Watu hawa walipokutana na Kiingereza walihitaji neno la kubeba mzigo huo, wakaliokota lililokuwa karibu.

Lakini kuokota huko hakukuwa kwa upofu. Waliliokota "sorry" kwa sababu Kiingereza chenyewe hakijaacha kulitumia hivyo. Mwingereza akienda msibani husema "I'm sorry for your loss", na hakuna mfiwa anayemtazama kwa mashaka. Akisikia umeugua husema "I'm sorry to hear that". Maana ya huruma ipo hai London leo. Kilichopungua ni mazoea ya kuitumia kwa mambo madogo, kama kujikwaa au kuangusha kikombe. Hivyo mwanafunzi aliyejikwaa akaambiwa "Sorry!" amepata neno katika maana yake kongwe kuliko zote, na mwalimu anayelisahihisha anatetea maana iliyozaliwa juzi kwa hesabu za lugha.

Msomaji makini atanikamata hapa, na ana haki. Asili ya neno si maana yake. Hatuwezi kumwambia mtu kwamba "sorry" lazima liwe huruma eti kwa kuwa lilikuwa hivyo miaka elfu moja iliyopita, kama vile hatuwezi kumzuia Mjerumani kusema "sehr gut", yaani vizuri sana, eti kizuri hakiumi. Nakubali kabisa. Kama hoja yangu ingekuwa kwamba wazee wa Kiingereza cha kale ndio mahakimu, ingeanguka hapahapa. Sisemi hivyo. Nasema maana ya kale haijafa, ipo mezani pamoja na ile mpya, na watu wenye madaraka wanajua kuchagua ipi waivae wakati gani. Historia ya neno inatusaidia kuona mshono ulipo.

Hoja dhaifu kuliko zote ninayoisikia ni ile ya wanaosema Kiswahili hakina neno la "sorry", ndiyo maana vijana wanasema "sori". Wanaitaja kama ushahidi wa umaskini wa lugha. Ni sawa na kusema nyumba yenye milango mitatu haina mlango kwa sababu jirani ana mmoja anaopitishia kila kitu, wageni, mbuzi na jeneza. Tuna pole, tuna samahani na kuomba radhi, tuna kusikitika, tuna kujuta. Kila moja linamtaja mhusika wake. "Sori" ya mtaani haikuja kuziba pengo. Imechukua nafasi ndogo sana, ile ya kosa jepesi kati ya watu wa rika moja: "sori, braza, sijakuona." Hakuna anayeingia kwenye nyumba ya msiba na kumwambia mjane "sori". Kijana atakayefanya hivyo atavutwa sikio na mama yake kabla hajapata kiti.

Wapo pia wanaosema kumpa mtu pole kwa jambo ambalo hukulisababisha ni adabu ya kupoteza muda. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani, wakiongozwa na Alison Wood Brooks wa Harvard, walichapisha jaribio ambalo ningependa kuwasomea watu hao. Walimweka mwigizaji kwenye kituo cha treni siku ya mvua, akawa anaomba simu kwa watu asiowajua. Kwa baadhi yao alianza na "I'm so sorry about the rain!", kisha akaomba. Kwa wengine aliomba moja kwa moja. Walioambiwa kwanza neno la mvua walikubali kumpa simu kwa asilimia 47. Walioombwa bila utangulizi, asilimia 9. Watafiti waliliita jambo hilo kuomba radhi kusiko na ulazima, na wakashangaa linavyojenga imani. Bibi yeyote wa Pemba angewaambia kwamba yule bwana hakuwa anaomba radhi hata kidogo. Alikuwa anawapa watu pole ya mvua.

Mpaka hapa ni mambo ya adabu, na mtu anaweza kusema tunapoteza wino. Uzito unakuja pale neno hili linapoingia kwenye jalada. Marekani, mwaka 1986, jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria inayosema kwamba maneno ya huruma baada ya ajali hayawezi kutumika mahakamani kama kukiri kosa. Msukumo ulitoka kwa seneta wa jimbo ambaye binti yake aligongwa na gari akiwa kwenye baiskeli akafariki. Dereva hakuwahi kumwambia neno lolote, na baba aliamini alinyamaza kwa kuogopa kwamba "sorry" yake ingemfunga. Majimbo mengi yakafuata. Uingereza iliweka kifungu kama hicho katika sheria yake ya fidia ya mwaka 2006. Ontario, Kanada, mwaka 2009 ilikwenda mbali zaidi: sheria yake inahesabu kuwa ni kuomba radhi maneno ya huruma, ya masikitiko, au kusema tu kwamba mtu ni "sorry", yawe yanakiri kosa au hayakiri. Ukiisoma kwa jicho la Kiswahili, ni sheria nzima iliyotungwa ili madaktari waruhusiwe kutoa pole. Lugha iliyoyafunga maneno mawili kwenye mkoba mmoja imelazimika kuajiri wabunge kuyatenganisha.

Katika siasa za mataifa mkoba huo ni mali. Tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani wa China, Wang Wei, akapotea baharini, na Wamarekani 24 wakashikiliwa baada ya kutua bila ruhusa. China ilitaka iombwe radhi. Marekani ilisema haina kosa. Siku ya 11 balozi wa Marekani aliwasilisha barua yenye maneno "very sorry" mara mbili, moja kwa kifo cha rubani na moja kwa ndege kuingia na kutua bila kibali cha maneno. Vyombo vya habari vya China vikaitafsiri kwa maneno yanayosogea kwenye kuomba radhi. Serikali ya Marekani ikawaambia watu wake kwamba haikuomba radhi kwa kuwa hakukuwa na cha kuombea. Wanajeshi wakarudi nyumbani. Kila upande ulisoma barua ileile na kupata ulichokitaka. Sitakataa kwamba utata ule uliokoa watu siku ile. Anayetetea "sorry" lililo pana ana hapa hoja yake bora kuliko zote: neno lisilo na upande linaweza kufungua mlango ambao neno lililonyooka lingeufunga. Tatizo ni kwamba mara nyingi anayefaidi upana huo ni yule mwenye nguvu.

Australia inaonyesha. Kwa vizazi kadhaa serikali iliwachukua watoto wa wenyeji wa asili kutoka kwa wazazi wao, na ripoti ya uchunguzi ilifika bungeni tarehe 26 Mei 1997. Mwaka uliofuata tarehe hiyo ikaanza kuadhimishwa kama Siku ya Sorry. Waziri Mkuu John Howard alikataa kulisema neno hilo kwa niaba ya serikali, akidai kizazi cha leo hakiwezi kubeba makosa ya jana. Mwaka 1999 alipeleka bungeni hoja ya masikitiko ya dhati, bila "sorry". Mei 2000 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Sydney kwa miguu, na ndege ikaliandika neno hilo angani kwa moshi. Ilichukua hadi tarehe 13 Februari 2008, chini ya Kevin Rudd, serikali kulitamka. Kinachonigusa zaidi ni jambo dogo ambalo habari nyingi hulipitia juu juu: katika Kiingereza cha wenyeji wa asili wa Australia, "sorry business" ni msiba, yaani maziko na maombolezo na miiko yake yote. Nao, kama Wayoruba na Waswahili, walilichukua neno la mkoloni na kulirudisha kwenye kidonda. Kwao kumwambia mtu "sorry" ni kukaa naye matanga. Ndiyo maana kunyimwa neno hilo kwa miaka 11 kulikuwa kama serikali kukataa kufika msibani, msiba ambao imeusababisha yenyewe.

Kwa upande wetu, siku mbili zilizofuatana zinatosha. Tarehe 31 Oktoba 2023, Nairobi, Mfalme Charles alisema maovu ya zamani ni sababu ya huzuni kuu na majuto ya kina, na kwamba ukatili ule hauna udhuru. Maneno mazito, yaliyosemwa kwa heshima. Kuomba msamaha hakukuwemo. Tarehe 1 Novemba, Songea, mbele ya jamaa za waliouawa katika Vita vya Maji Maji, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alisema anataka kuomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zao. Kijerumani kinasaidia kidogo hapa, kwa sababu nacho kina milango miwili: "es tut mir leid", inaniuma, na "um Verzeihung bitten", kuomba msamaha. Steinmeier alipita mlango wa pili. Kiongozi mmoja alitoa pole, mwingine aliomba msamaha, lakini vijiweni nilisikia kauli moja tu kwa wote wawili: wameomba radhi.

Sisemi msamaha wa Songea ulimaliza deni. Fidia haikutajwa, na vita vile vya 1905 hadi 1907 vinakadiriwa kuua watu kati ya 200,000 na 300,000, wengi kwa njaa iliyosababishwa kwa makusudi. Wala sisemi kwamba mwenye neno lililonyooka hawezi kulipinda. Rais William Ruto, katika maombi ya kitaifa ya tarehe 28 Mei 2025, alitumia neno la kuomba radhi hasa kwa vijana wa Kenya, ila aliliwekea "ikiwa" mbele: ikiwa kuna mahali tulikosea. Utata ukifukuzwa kwenye neno huhamia kwenye kiunganishi.

Hata hivyo neno ndilo linaloanza. Umoja wa Afrika uliufanya mwaka 2025 kuwa mwaka wa haki kwa Waafrika kupitia fidia, na tangu 2022 Kiswahili ni lugha ya kazi ya umoja huo. Sioni kwa nini matamko ya aina hii yaendelee kujadiliwa kwa Kiingereza na Kifaransa kisha Kiswahili kije mwishoni kama tafsiri ya hisani. Mwandishi wa tamko akilazimika kuanza na Kiswahili, hawezi kuandika "sorry" akaondoka. Itabidi achague kama anatoa au anaomba, na akichagua kuomba sarufi itamdai aseme ameomba kwa nani na kwa kosa lipi. Wahariri wa habari nao wana kazi hiyo kila siku. Kuandika "ameomba radhi" pale mtu alipotoa masikitiko ni kumlipia deni lake kwa pesa ya msomaji.

Tarehe 6 Juni 2013 William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alisimama bungeni akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau. Alisema serikali yake inasikitika kwa dhati kwamba mambo hayo yalitokea. Katika kauli hiyohiyo alisema serikali inaendelea kukana kwamba inawajibika kisheria. Wazee waliolipwa, wengine wakiwa na makovu yanayoonekana, walizichukua pesa hizo, na hakuna wa kuwalaumu. Kwetu pesa inayotolewa na mtu anayesikitika bila kukiri kwamba alikosea ina jina lake. Unaitwa mkono wa pole, na anayeutoa huandikwa kwenye daftari la msiba pamoja na majirani wengine.